Mvua ya Bukavu: mtoto atoke rekreasyo (mapumziko) au abaki ndani?

Wazazi wengi wanaogopa kwamba mtoto akiloa atashikwa na mafua au malaria. Huku Bukavu mvua inaanza mwezi wa 9 na kutuacha mwezi wa 5 au wa 6. Direkta akikataza kutoka kila kunaponyesha, watoto watakalia benchi karibu mwaka mzima wa masomo, 50 au 60 ndani ya darasa moja, madirisha yamefungwa. Humo ndimo mafua yanamoenea, kwa sababu virusi vyake vinatoka kwenye pua na mikono ya jirani wa benchi. Malaria nayo inaletwa na mbu: mtoto aliyeloa jana na kushikwa na homa leo aliumwa na mbu huyo wiki moja au mbili nyuma. Wazazi wanaoogopa baridi wana sehemu ya ukweli, na hilo tutalifikia. Ila jibu letu ni hili: manyunyu yasiyo na ngurumo, watoto watoke wakimbie robo saa. Ngurumo ikisikika, waingie wote bila mjadala.

Tuanze na radi, kwa sababu ndiyo inayoua. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, jirani yetu hapa, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: radi kama 205 kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Mwalimu wa Bukavu anapaswa kuijua radi kama mvuvi anavyoujua upepo.

Sauti inatembea kilometa moja kwa sekunde 3 hivi. Ukiona mwako, ukahesabu polepole hadi 30 ndipo pakanguruma, radi iko kilometa 10, na kutoka huko inaweza kukupiga ungali kwenye jua. Wafundishe watoto hesabu hiyo, wanaipenda. Lakini uamuzi wa shule usiutegemee: milima yetu inaficha mwako, na kelele za watoto zinaficha ngurumo za mbali. Ukiwa umeisikia moja, iko karibu vya kutosha. Piga firimbi. Usimtume mtu kugonga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele ikiwa imetundikwa kwenye mti, maana unampeleka mahali pabaya kuliko pote. Baada ya hapo hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 25, unarudi sifuri. Hapa ndipo shule nyingi zinaharibu: mvua inakatika, jua linatoka, watoto wanaachiwa, na wingu bado liko juu ya mlima.

Si kila paa ni kinga. Mwezi wa 8 mwaka 2020, huko Arua, Uganda, watoto waliokatisha mpira wao walijificha kwenye kibanda cha nyasi. Radi ikawaua 10. Payote (kibanda cha nyasi), kibanda cha mlinzi, chini ya mti wa avoka au mkaratusi: hapana. Jengo la matofali au saruji lenye kuta kamili ndilo bora. Kama madarasa yenu ni ya mbao na manjanja (mabati), elewaneni mapema na kanisa au jengo imara lililo dakika mbili kutoka shuleni, muwahamishe watoto wingu likiwa bado mbali. Likiwa limeshafika, msitoke tena: watoto wakae katikati ya darasa, mbali na kuta, milango ya chuma na nyaya, miguu imebanwa pamoja.

Shule yenye paratoneri (chuma cha juu ya paa cha kupokea radi) ikague waya wake kila mwezi wa 9. Waya wa shaba unaoshuka hadi ardhini huibiwa. Ukikosekana, ile ncha ya juu inapokea radi isiyo na njia ya kushukia, na radi hiyo itajitafutia njia kupitia jengo na waliomo.

Na mtoto akipigwa? Mguseni mara moja. Mwili wake haubaki na umeme hata kidogo. Wengi huku wanaogopa kumgusa kwa sababu wanasema radi imetumwa, na dakika zinazopotea kwa hofu hiyo ndizo zinazomaliza watoto, kwani aliyesimama moyo kwa radi mara nyingi anaweza kurudishwa. Mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimeta 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30, mpulizie pumzi 2 mdomoni huku umembana pua. Endelea hadi apumue au mufike hospitali. Wakipigwa wengi, anza na asiyepumua. Anayelia anaweza kungoja.

Hata bila radi, uwanja wenyewe unahitaji macho. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza, kwa hiyo mpira kwenye mteremko uache siku hiyo. Kuruka kamba kwenye sehemu yenye changarawe hakuna shida. Ukuta wa mawe unaoshikilia kilima ndio wa kuogopa zaidi. Una vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na udongo, maji yanajaa nyuma na kuusukuma. Vizibue kwa fimbo kabla ya masika, na watoto wakae mbali mara mbili ya urefu wake: ukuta wa mita 2, mita 4. Ukiona ufa mpya au tumbo limetoka, funga upande huo na uite fundi.

Mtaro haufai kuchezewa. Maji ya kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu. Mtoto hajitupi ndani; anakimbilia kamambili yake iliyochukuliwa. Waambieni kila wiki: kamambili ikienda, iende. Jioni mvua ikiwa kubwa, wazuieni shuleni hadi maji yapungue, hasa wanaovuka mito ya Kawa na Wesha.

Sasa baridi. Nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili kwa kasi kuliko hewa kavu, na kosa la kawaida ni kumtoa mtoto na pulova yake. Pulova, soksi na viatu vibaki ndani. Atoke na shati jepesi na kamambili au bote; miguu mitupu hapana, minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi. Akirudi, ajifute kichwa na miguu, avue shati lililolowa, avae pulova kavu. Anaosha mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, maana maji yanayotiririka uwanjani yamepita kwenye vyoo, na kipindupindu tunakifahamu. Anayetetemeka bila kukoma, au anayezungumza kwa uzito, avuliwe vyote vilivyolowa, afunikwe, apewe chai ya moto yenye sukari. Msiwashe mbabula (jiko la makaa) ndani ya darasa lililofungwa ili kukausha nguo: makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto watasinzia wasiamke.

Watoto wa SS (wenye ugonjwa wa selimundu) hawatoki hata kwenye manyunyu. Baridi na kuloa vinaweza kuwaletea maumivu makali ya mifupa. Mwenye pumu au homa naye abaki. Direkta awe na orodha ya majina yao tangu siku ya kuandikishwa, na wabaki na mwalimu mwenye mchezo wa kweli, kibuguzo (bao) au hadithi, wenzao wakiwa nje.