Nyumba ya Kirumba: jibu la shangazi

Mwanangu, juzi umenitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, una maisha mazuri Ulaya, kwa nini unamsumbua baba na nyumba ya Kirumba?" Nimeusikiliza mara tatu. Nakujibu wazi, na baba yako umsomee.

Hayo maisha mazuri kwanza. Nahudumia wazee hapa Leicester, zamu ya usiku yenye urefu wa saa kumi na mbili. Kodi ya nyumba inameza karibu nusu ya mshahara. Nauli ya kuja Mwanza naidunduliza mwaka mzima. Hela ya nusu ya nyumba ile, mwaka 2011, ilitoka kwenye mgongo huu huu. Siombi huruma, ila siwezi kupanda ndege kila mpangaji anapogoma kulipa.

Baba yako si mwizi, na anayesema hivyo kwenye vikao asinitaje mimi. Shida ni nyumba moja yenye wenyewe wawili: mmoja analala na kuamka nayo, mwingine anaiona kwenye simu. Mwezi wa nne alinitumia picha ya ufa, umeanzia kona ya dirisha hadi kwenye mwamba uliobeba msingi. Alichomeka sarafu ya shilingi mia mbili nione upana; ilizama nusu. Fundi amesimama pale anasubiri jibu. Mimi niko kazini, simu iko kabatini. Nilipoipata, keshakopa. Alikasirika, na ana haki. Nami kodi ya vyumba sita sijaiona tangu mwaka jana, na nina haki pia. Tukienda hivi miaka mitano, hatutazikana.

Kuna kubwa zaidi. Hati yetu ni ya hisa, nusu kwa nusu. Nikifa leo, nusu yangu haihamii kwa baba yako, inaingia kwenye mirathi yangu. Wanangu ni raia wa Uingereza, na asiye raia hamiliki ardhi ya Tanzania kama raia anavyomiliki. Ni wewe utakayezunguka mahakamani kuwatafuta binamu ambao Kirumba hawaijui. Sitaki huo mzigo ukuangukie.

Kiwanja hakigawanyiki: nusu ni jabali, choo ni kimoja, ngazi ya kupandia ni hiyo hiyo. Basi baba yako aninunue. Bei aitoe mthamini aliyesajiliwa, si mimi, si dalali. Alipe kidogo kidogo hata miaka minne. Deni la ufa tulibebe wote, na kodi aliyokusanya tuipigie hesabu kwa daftari lake. Daftari lake naliamini.

Kusaini sitakuja. Nitatia sahihi hati ya uwakili, karatasi ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yangu, mbele ya notari, mthibitishaji wa sahihi, huku, niipeleke ubalozi wetu London ithibitishwe, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati hapo Mwanza. Nakala ya WhatsApp haitoshi. Kwa kile kiwanja changu kingine, karani mmoja alinikubalia nakala ya simu, mwenzake akaikataa, miezi mitatu ikapotea. Na hati itaje kazi moja tu, kuhamisha hisa yangu kwa baba yako. Uwakili wa jumla, wa kuuza chochote changu, siutoi, hata kwa ndugu.

Wakili ataandaa mkataba. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, hiyo ni yangu mimi muuzaji, inalipwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla jina halijabadilishwa. Atakayewashauri muandike bei ya uongo, mkatalieni.

Akishindwa kununua, tuuze tugawane. Najua mmoja wetu anaweza kwenda kuomba amri ya kisheria iuzwe, na wapo walionishauri nianzie huko. Sitamshtaki kaka yangu kabla sijakaa naye tukazungumza.

Nitampigia Jumapili mkitoka kanisani, saa nane za huko. Awe na lile daftari.