Jibu: Pampu zote zinavutwa na namba tatu

Habari ndugu. Umesema pampu zako sita za Mbarali zinapeana kipimo cha maji kwa redio, kila moja ikijirekebisha kwa wastani wa wenzake, na sasa zote zinamfuata namba tatu. Anza hapo: namba tatu anabadilika kweli? Wangu hapa Mufindi aliganda kwenye sentimita 41 siku nzima, na mvua inanyesha! Mkaidi mmoja anatosha kuwaburuta wote.

Wastani mtupu achana nao. Kila pampu itupe kipimo kimoja kinachozidi chake kuliko vyote na kimoja kilicho chini ya chake kuliko vyote, kisha ipige wastani wa vilivyobaki pamoja na chake. Kwa pampu sita, zote zisikiane. Ujumbe nao upewe namba ya mfululizo, ili wa zamani ukirudi ukataliwe. Saini ya kidijitali, ile inayothibitisha ujumbe umetoka kwa nani, peke yake haikunisaidia: mdukuzi alinirudishia ujumbe wa jana, saini halali kabisa.