Makhan Singh: mkomunisti kweli, au jina la kubandikwa?

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama Makhan Singh, yule kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alikuwa mkomunisti kweli au wakoloni walimbandika tu jina hilo. Alikuwa kweli, na alilisema mwenyewe mahakamani mwaka 1950.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi mwaka 1927, baba yake akiwa na kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1935 akaongoza chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Zama zile Mhindi na Mwafrika walilipwa tofauti kwa makusudi. Hata hapa Tabora, wazee wetu wa reli walituhadithia hivyo hivyo. Mgomo wa chama chake wa 1937 ulichukua kama miezi miwili, mishahara ikapanda.

Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata wakamkamata. Kizuizini alikaa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11: alitangulia kuingia kabla ya Kenyatta, akatoka baada yake. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo chochote serikalini, na hilo linaniuma hadi leo. Alifariki mwaka 1973.