Gia kuchomoka mteremkoni na maswali mengine ya giaboksi

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Naendesha tela kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Giaboksi ni Fuller ya gia tisa, ilifunguliwa mwezi uliopita kwa sababu ya mlio. Mlio umepungua, lakini nikirudi Dar na mzigo, kushuka Kitonga gia ya tano inachomoka yenyewe. Fundi kasema nishikilie kijiti kwa mkono mpaka izoee. Ni kweli itazoea?
Dereva, Makambako

JIBU: Haitazoea, kaka, na tunakuomba usishuke tena Kitonga na mzigo kabla giaboksi hiyo haijakaguliwa. Gia ikichomoka mteremkoni, injini haizuii tena gari. Uzito wote unabaki kwa breki za magurudumu, na breki za ngoma zikichemka hazishiki. Fuller haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mzunguko wa gia kabla hazijashikana) kwenye boksi la mbele, hivyo kuirudisha gia kunataka mzunguko wa injini ulingane na mwendo wa gari, wakati gari linazidi kukimbia. Kushikilia kijiti nako kunakwangua foku (uma wa ndani unaosukuma gia iingie) na kuipa joto, na siku chache baadaye utakuwa na matatizo mawili.

Mwambie fundi aanze na jambo moja: gia ikichomoka, kijiti kinarudi nyutro, au kinabaki palepale huku nguvu imekatika? Kikibaki palepale, tatizo liko boksi la nyuma, linalohamisha gia za chini na za juu kwa upepo. Apime presha baada ya filta na regileta yake. Inatakiwa iwe kama psi 57 hadi 62. Kisha akague o-ringi za pistoni. Kikirudi nyutro, tatizo liko mbele.

Kwa kuwa ilianza baada ya matengenezo, sisi tungefungua kwanza kifuniko cha juu. Humo mna springi tatu na gololi tatu zinazobana fito za gia (vyuma vinavyosogeza foku) zisitembee ovyo. Ni vitu vidogo, vinadondoka mchangani, na mtu mwenye haraka huokota springi ya kitu kingine au huivuta ile ya zamani irefuke. Ikivutwa inaonekana ndefu, lakini nguvu haina. Zisimamishe zote tatu juu ya kipande cha kioo: moja ikiwa fupi kuliko wenzake, badilisha zote.

Kifuniko kikiwa bado mezani, jaribuni na usalama wa fito. Sukuma fito moja iingie gia, halafu jaribu kusukuma ya pili kwa bisibisi. Lazima igome. Ikikubali, basi gololi au pini ya kati haikurudishwa, na gari hilo linaweza kuingia gia mbili kwa mpigo. Hapo shafti zinajifunga na tairi za nyuma zinaweza kugoma kuzunguka barabarani.

Springi zikiwa nzima, tazameni meno ya kolari, pete inayoteleza na kushika gia. Jino zima lina kingo zilizonyooka. Lililolika limechongoka kama patasi, na injini inapozuia gari mchongoko huo wenyewe unalisukuma nje. Msikubali lijazwe kwa kuchomelea. Ugumu wa jino uko kwenye ngozi yake ya juu tu. Moto wa kuchomelea unaulainisha, kisha kipande kinakatika na kwenda kusagwa kwenye beringi.

Linabaki suala la mnyoofu. Giaboksi hii ina uzito unaokaribia kilo 300. Wakati wa kuirudisha ikiachwa ining'inie kwenye shafti ya klachi, hata dakika moja, pleti ya klachi inapinda kitovuni. Ibebwe na jeki mpaka boliti zote zishike, na boliti zisitumike kuivuta ikaingia. Nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ipimwe kwa saa ya kupimia. Mchepuko ukizidi milimita 0.20, shafti zinakaa mshazari na gia itachomoka hata kama spea zote ni mpya.

SWALI: Lori langu limebadilishiwa beringi za giaboksi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Je, nanunua spea feki?
Mmiliki, Mbagala

JIBU: Huenda, lakini beringi tatu kwa mwaka zinaonyesha kwamba hakuna aliyetafuta kinachoziua. Kama ni Fuller, ulizia alama. Ndani kuna kaunta shafti (shafti za pembeni) mbili, na kila moja ina jino lenye alama linalopaswa kuingia kati ya meno mawili yaliyotiwa alama kwenye gia kubwa ya mbele. Likikosewa jino moja, shafti moja inabeba mzigo wa mbili: giaboksi inanguruma, inachemka, na beringi zinakwisha. Pili, tazama beringi zilizotolewa. Ukiona vidoti vilivyopangana kwenye njia ya gololi, zilipigwa nyundo badala ya kuingizwa kwa presi. Tatu, propela, ile shafti ndefu kutoka giaboksi kwenda difu (gia za ekseli ya nyuma). Ikifunguliwa bila kuwekwa alama na kurudishwa krosi (viungo vyake) zikiwa hazijalingana, mtikisiko wake unamaliza beringi ya nyuma na sili yake. Dai spea za zamani kila mara, zikae gereji mpaka uzione.

SWALI: Nimeambiwa oili ya difu inafaa pia kwenye giaboksi. Ni hivyo?
Utingo, Voi

JIBU: Si kila giaboksi. Oili nyingi za difu zina dawa ya kuhimili shinikizo kali, na dawa hiyo inaweza kula sinkronaiza za shaba. Kwa Fuller, watengenezaji wake Eaton hutahadharisha dhidi ya oili ya aina hiyo giaboksi inapopita nyuzi 110 za Selsiasi. Fuateni kitabu cha giaboksi yenyewe. Kuhusu ujazo, gari likiwa sehemu tambarare, oili ifike ukingo wa tundu la kujazia. Kuigusa kwa ncha ya kidole hakutoshi: upungufu wa inchi moja ni karibu lita nne.

SWALI: Lori likizimika, naweza kulivuta hadi gereji gia ikiwa nyutro?
Dereva, Tunduma

JIBU: Usilivute tairi za nyuma zikiwa chini kabla hujatoa propela au kuchomoa haf shafti (zinazozungusha magurudumu ya nyuma) zote mbili. Magurudumu yanazungusha meni shafti (shafti kuu ya giaboksi), lakini injini imezimwa na kaunta shafti zimesimama, hivyo hakuna kinachorusha oili juu. Giaboksi iliyotengenezwa jana inaweza kuungua safari hiyo hiyo. Ukichomoa haf shafti, ziba habu kwa bati na gasketi ili oili isimwagike na mchanga usiingie.