Maswali ya Wasomaji: Kasi ya Oregon ya 2010, na Namna ya Kuijaribu Tanga

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi wanachuo tumekuwa tukitazama kwenye simu mechi za zamani za futiboli ya Kimarekani. Timu ya Chuo Kikuu cha Oregon ya msimu wa 2010 inatushangaza: vumbi la mchezo mmoja halijatua, mwingine umeanza. Walikuwa na mbio kuliko wengine, au kuna mbinu? Wanachuo wanne, Chumbageni.

JIBU: Mbio walikuwa nazo, hasa mkimbiaji LaMichael James, lakini siri haikuwa miguuni. Katika futiboli hiyo timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9. Jaribio moja, ambalo ndilo mnaloliita mchezo, likiisha, timu nyingi hukaa duara kuambizana mbinu inayofuata, na saa inawaruhusu hadi sekunde 40. Kocha Chip Kelly alilifuta duara. Mchezaji aliyekamatwa na mpira alitakiwa kumkabidhi mwamuzi hapohapo, maana mchezo hauanzi kabla mwamuzi hajauweka mpira mahali pake. Akiutupa pembeni, sekunde zinapotea kuufuata. Wenzake wanarudi kujipanga mstarini, macho yakiwa benchi kusoma ishara.

Sasa tazameni sheria inayoibeba mbinu hii. Timu inayoshambulia ikibadilisha mchezaji, mwamuzi huwapa walinzi nafasi nao wabadilishe. Isipobadilisha, hakuna anayesubiriwa. Oregon wakiwabakiza watu walewale 11, beki mzito wa mbele aliyeishiwa pumzi anabaki uwanjani, na mikono yake inazidi kuchelewa. Mfano ni mechi yao na Chuo Kikuu cha Stanford: Stanford waliwaongoza 21-3 katika robo ya kwanza na wakaenda mapumziko wakiwa mbele 31-24. Kipindi cha pili hawakupata pointi hata moja, mechi ikaisha 52-31 kwa Oregon, na James peke yake alikimbia yadi 257. Msimu mzima Oregon walipata pointi 611 katika mechi 13, wastani wa 47 kwa mechi.

SWALI: Yale mabango yenye picha nne yanayoinuliwa pembeni mwa uwanja ni ya nini? Dada wa Raskazone.

JIBU: Ni ishara za kuita mchezo, dada. Neno likipitishwa mdomoni kutoka benchi linapotea katika kelele za mashabiki, tena linakula muda. Picha husomwa na wachezaji wote 11 kwa mara moja. Pamoja na mabango kuna ishara za mikono, na si kila anayepunga anatoa ishara ya kweli, ili wapinzani wasikariri.

SWALI: Mbona wanamwacha mlinzi mmoja makusudi bila kumzuia? Hapa Mkwakwani ukimwacha mtu huru, umeliwa. Shabiki wa Coastal Union, Ngamiani.

JIBU: Hata Mkwakwani ipo, ila hatuiiti hivyo. Fikiria winga na mshambuliaji wakimkabili beki mmoja katika shambulizi la kushtukiza. Beki akimfuata mwenye mpira, pasi inatoka. Akizuia pasi, mwenye mpira anapita. Oregon waliitengeneza hali hiyo mara nyingi ndani ya mechi moja.

Kwanza wanautanua uwanja. Upana wake ni yadi 53 na theluthi, karibu mita 49, na wapokeaji wanapelekwa pembeni ili walinzi wawafuate. Katikati wanabaki walinzi wachache, tuseme sita, mbele ya ukuta wa Oregon wa watu watano wanaozuia. Huyo wa sita, kwa kawaida yule wa mwisho wa mstari, anaachwa. Mrushaji, ambaye kwa Oregon alikuwa Darron Thomas, anasimama kama yadi tano nyuma ya senta, yule wa katikati ya ukuta anayeanzisha mchezo kwa kumrushia mpira kwa nyuma. Anapokea mpira, anauweka tumboni mwa mkimbiaji anayekatiza mbele yake, lakini hauachii bado. Macho yake yako kwenye mabega ya yule mlinzi. Mabega yakiinamia ndani kumfuata mkimbiaji, mrushaji anauchomoa mpira na kuzunguka nje. Mlinzi akibaki nje, mpira unaachiwa na mkimbiaji anapenya. Mlinzi hajaguswa na mtu, na bado ameondolewa mchezoni.

Kosa linaloua mbinu hii ni wawili kuung'ang'ania mpira, ukaanguka. Mkimbiaji aweke mikono laini kama mfuko, asifumbate mpaka ausikie umeachiwa. Anayeamua ni mrushaji peke yake.

SWALI: Kama ni hodari hivyo, mbona fainali walifungwa? Msomaji wa Muheza.

JIBU: Walifungwa 22-19 na Auburn, Januari 10, 2011, huko Glendale, Arizona, kwa mkwaju wa mwisho saa ikikatika. Mbinu ya kumsoma mlinzi inadai nusu sekunde ya utulivu. Mstari wa mbele wa Auburn, ukiongozwa na Nick Fairley, uliuvunja ukuta kabla nusu sekunde hiyo haijapatikana. Oregon wakaambulia yadi 75 tu za kukimbia na mpira, na James akapata 49. Kasi nayo ina bei yake: majaribio matatu yakishindikana ndani ya dakika moja, kwa kawaida la nne hutumika kuupiga mpira mbali, unakwenda kwa mpinzani na walinzi wako wanaingia tena hawajanywa hata maji.

Tungewashauri mwitafute mechi yao na California, 15-13, kuliko ile ya New Mexico waliyoshinda 72-0. California walibana, na kasi ikakatwakatwa na wachezaji walioanguka. Baadaye chuo hicho kilimsimamisha kocha msaidizi mmoja kwa mechi moja, kwa kumwelekeza mchezaji ajiangushe kama aliyeumia ili mchezo usimame. Oregon walijiokoaje? Walipunguza mwendo, wakaushika mpira zaidi ya dakika 9 za mwisho. Ufundi wa Kelly tunauona zaidi hapo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo. Hatuna kofia ngumu wala vikinga mabega. Tunaweza kujifunza? Pongwe.

JIBU: Mwalimu, msigongane kabisa bila vifaa hivyo. Chezeni ile ya utepe, ya watu watano kwa watano, itakayokuwamo katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Badala ya kumwangusha mwenye mpira, unachomoa utepe kiunoni mwake. Uwanja wake ni yadi 70 kwa 25, kama mita 64 kwa 23, hivyo ukiulaza kwa upana wa kiwanja cha mpira wa miguu chenye mita 64, nusu moja inabeba viwanja viwili. Kata vipande vya khanga kuukuu, upana sentimita 5, urefu 40, kila mchezaji viwili. Vichomekwe tu, visifungwe, la sivyo mtu atavutwa na kuanguka.

Katika mchezo huu mrushaji haruhusiwi kukimbia na mpira kuvuka mstari ambao mchezo umeanzia. Basi kusoma mlinzi kubadilike hivi: akiingia ndani, rusha pasi fupi pembeni; akibaki nje, mpe mkimbiaji. Wiki ya kwanza fanyeni kwa kutembea. Halafu michezo sita mfululizo, kila mmoja uanze ndani ya sekunde 15 baada ya uliotangulia, kisha pumziko la dakika tatu na maji. Rudieni mara nne. Miezi ya kaskazi punguzeni ziwe mbili, na mwanze baada ya alasiri jua likishapoa. Kitakachowakwamisha mwanzoni ni senta kurusha mpira juu kwa haraka, kwa hiyo mpe mipira 30 kabla ya kila zoezi, ikilenga kitovu cha mrushaji. Mpira wa raga unafaa kujifunzia hilo, ila ni mnene kuushika kwa kurusha mbali, na upepo wa bahari utaupeperusha. Pasi zenu ziwe za mita 5 hadi 8 mpaka mpate mpira wenyewe.