Jibu: Nimetoka jeshini, naweza kuwa mshauri wa dharura bila shahada ya uzamili?

Salaam mkuu. Umesema umemaliza mkataba na jeshi la Marekani, unataka kuwahudumia wenzetu wanaofikiria kujiua, ila umekwama kwa sababu kila tangazo la kazi linadai leseni.

Kwanza soma tangazo vizuri: wanataka mshauri mwenye leseni au msaidizi rika? Msaidizi rika kwenye hospitali za VA (idara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wa zamani) ni mwanajeshi wa zamani aliyewahi kuugua akili au kuzama kwenye ulevi, akatibiwa na kusimama tena. Anahitaji cheti, si uzamili. Mimi nilianzia hapo.

Leseni ya ushauri nasaha ndiyo inayodai uzamili, halafu saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Masharti hutofautiana, na hukutaja uko jimbo gani, kwa hiyo iulize bodi ya jimbo lako kabla hujalipa ada popote. Post-9/11 GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, hulipia masomo hadi miezi 36. Usiimalize yote kwenye shahada ya kwanza.

Wakati huo, omba kujitolea kwenye kituo kinachopokea simu za 988, namba ya Marekani ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua. Watakufundisha. Kinachotusumbua sisi wanajeshi ni kusikiliza, maana tumezoea kutoa amri. Mtu akisema bastola iko mezani, muulize waziwazi kama anataka kujiua, kisha mwombe ahamie chumba kingine, silaha ibaki pale ilipo, mkiendelea kuzungumza. Usimhubirie.

Na ukilemewa wewe mwenyewe, piga 988 kisha bonyeza 1. Laini hiyo ni yetu pia.