Kuta za moto: zinazozuia na zinazojidai

Mwezi uliopita niliandika mistari michache juu ya duka moja la mjini Lubumbashi lililoibiwa akaunti zake, huku mwenye duka akijigamba kwamba ana ukuta wa moto (firewall), yaani kichungi kinachoamua nini kiingie na nini kitoke kwenye mtandao. Nilidhani nimemaliza. Tangu siku hiyo simu yangu imejaa maswali, na si ya kompyuta peke yake: kuna ya gari, ya shamba, hata ya maombi. Nimechukua yale yanayogusa watu wengi na kuyafupisha.

Papa, niko na kaduka ka fotokopi Kamalondo. Kijana mmoja aliniwekea ukuta wa moto katika ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti, nikamlipa vizuri, akaniapia virusi havitaingia tena. Wiki haikuisha, mafaili ya wateja kwenye flashi yote yamegeuka njia za mkato. Aliniibia?

Huenda hakukuibia. Aliziba mlango ambao mwizi wako hapitii. Ukuta wa ruta unaangalia kile kinachopita kwenye mtandao tu. Flashi haipiti huko: inakuja mfukoni mwa mteja, inachomekwa kwenye mashini, na ruta haina habari. Virusi vya njia za mkato vinatembea hivyo hivyo, kutoka duka la fotokopi hadi duka la fotokopi.

Mafaili hayajapotea. Virusi vimeyaficha kwa kuyapa alama ya mafaili ya mfumo, kisha vimeweka mahali pake njia ya mkato inayoviamsha kila mara mtu anapobofya. Kwa hiyo usibofye. Safisha mashini kwanza. Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, inatosha, mradi imesasishwa. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri na, kama flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, mafaili yataonekana tena. Njia za mkato uzifute. Halafu tenga mashini moja, hata ile nzee, iwe ya kupokea flashi za watu. Ile yenye hesabu zako isiguswe na flashi ya mgeni, hata akiwa shemeji.

Kuhusu yule kijana, mwite akuonyeshe kanuni alizoandika. Kama ruta yako ni MikroTik, orodha inasomwa kutoka juu kwenda chini, na kwa kawaida kanuni ya kwanza inayoikubali au kuikataa pakiti (kipande cha data kinachosafiri kwenye mtandao) imemaliza kesi; zilizo chini yake hazisomwi tena. Kuna orodha ndefu za kupendeza, kila mstari na maelezo yake, na juu kabisa mstari mmoja unaosema: kubali zote. Basi, yote yanayofuata ni mapambo. Angalia pia hesabu ya pakiti iliyo pembeni ya kila kanuni. Kama ruta yako inaonekana kutoka nje na kanuni ya kuzuia imekaa mwezi mzima kwenye sifuri, usishangilie kwamba hakuna aliyebisha. Intaneti ya leo haimwachi mtu mwezi bila kubishiwa. Kanuni hiyo haifikiwi, ndiyo maana.

Papa, kanisani kwetu Katuba tunaomba biashara zetu zizungukwe na ukuta wa moto. Bwana yangu anasema hiyo inatosha, neno la siri la ruta tuliache kama lilivyo.

Ombeni, mama, mimi sina ugomvi na maombi. Ila mchungaji wenu akimaliza ibada anafunga kanisa kwa kufuli, na hakuna anayemwambia amepungukiwa imani. Neno la siri lililokuja na ruta kutoka kiwandani, mara nyingi "admin", linajulikana na kila mtoto mwenye simu. Libadilisheni leo jioni, bwana akiwa amekaa pale pale.

Yaya, niko mwanafunzi wa chuo kikuu, kampasi ya Kasapa. Profeseri alitupa aina nne za kuta: wa kuchuja pakiti, wa kukumbuka hali, wa wakala na wa kizazi kipya. Nazikariri lakini sizielewi, na mtihani uko karibu.

Fikiria mpakani Kasumbalesa, malori yanatoka Zambia. Askari wa kwanza anatazama namba ya lori, linatoka wapi, linaenda wapi. Mzigo haumhusu. Huyo ni mchuja pakiti: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, namba ya mlango (port), basi. Wahandisi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment walikuwa wanaandika juu ya kazi hii mwaka 1988, na Novemba ya mwaka ule ule mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, ukaangusha maelfu ya kompyuta. Kabla ya hapo, watu wa mtandao walikuwa bado wanaaminiana.

Askari wa pili ana daftari. Lori lililotoka huku asubuhi likaandikwa, jioni likirudi analipitisha. Ambalo halimo daftarini linageuzwa. Ndiyo sababu ukiomba ukurasa wewe mwenyewe jibu linaingia, lakini mgeni ambaye hukumwita anabaki nje. Kampuni ya Check Point ilileta ukuta wa namna hii sokoni mwaka 1994, na mfumo wa Linux ukaupata kwa iptables, chombo chake cha kuchuja mtandao, katika toleo la 2.4, Januari 2001. Kwa maoni yangu huu ndio ukuta hasa. Ukiuelewa huu, wengine ni nyongeza.

Wakala hakubali lori la nje liingie hata kidogo. Linapakuliwa mpakani, mzigo unafunguliwa, unapakiwa juu ya lori la huku. Ni salama, lakini foleni ya Kasumbalesa unaijua.

Kizazi kipya kinataka yote kwa pamoja: lori, jina la dereva, na kilichomo ndani ya kontena. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya kurasa za leo zinasafiri kwa HTTPS, yaani kontena limefungwa kwa lakiri. Ili kuifungua, ofisi inabidi iweke cheti chake katika kila kompyuta, na tangu hapo inaweza kusoma kila kitu, hata mambo ya benki ya mfanyakazi. Profeseri akiuliza hasara ya kizazi kipya, wenzako wataandika bei. Wewe andika hiyo.

Ninauza vitenge mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nilipakua ukuta wa moto kwenye simu. Unaonyesha ngao nyekundu, unasema "umelindwa", na matangazo hayaishi. Unanilinda kweli?

Dada, angalia juu ya kioo cha simu, pale penye saa na betri. Kwenye Android ambayo kufuli zake za kiwandani hazijavunjwa (root), programu ya kuchuja mtandao karibu kila mara inapita njia ya VPN ya ndani ya simu, yaani bomba moja la kupitishia data yote, na VPN ikiwaka, alama ndogo ya ufunguo inaonekana. Huoni ufunguo? Basi kwa karibu uhakika wote ngao yako ni picha tu. Na kama programu hiyo iliomba kusoma SMS na majina ya watu wako, ifute kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, maana ukuta hauhitaji kujua unamwandikia nani. Namba za siri za benki zinapita kwenye SMS hizo hizo.

Za kweli zipo. NetGuard, kwa mfano, inakuruhusu kusema programu hii itumie mega, ile isitumie. Faida yake ya kwanza kwa mtu wa Lubumbashi si usalama, ni mega zenyewe: programu nyingi zinakula intaneti usiku umelala. Lakini hata bila kupakua kitu, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uzime data ya chinichini kwa zile usizozihitaji.

Wachina wana ukuta wao mkubwa wa intaneti. Kumbe intaneti ilipokatwa kwetu Kongo baada ya uchaguzi, nasi tulikuwa na ukuta wa moto?

Hapana. Uchaguzi ulikuwa tarehe 30 Desemba 2018, kesho yake intaneti ikazimwa kwa amri, na ikarudi baada ya takriban siku 20. Kule ni kuzima taa nyumba nzima. China wanachagua: wanajibu anwani za uongo kwa majina ya kurasa wasizozitaka, wanakata mazungumzo katikati, wanafunga anwani fulani, na biashara nyingine zote zinaendelea. Kuchagua ni kazi ngumu na ya gharama. Kuzima kunataka barua moja tu.

Tunajenga maduka manne ya kushikana. Fundi anasema ukuta wa tofali za simenti hadi kwenye dari unatosha kuzuia moto.

Unazuia jirani asisikie redio yako. Moto unapanda, unatoboa dari, unatembea kwenye ule uwazi kati ya dari na mabati, kisha unashuka duka la nne wakati la pili bado halijaanza kuungua. Ukuta ufike hadi mabati na uzibwe pale juu, na ukiweza upite juu ya paa. Kanuni za ujenzi za Marekani kwa kawaida zinadai upite kwa takriban sentimita 76. Mbao za paa zisipenye ukuta kutoka duka moja hadi jingine. Kila duka liwe na mbao zake. Na tundu ambalo fundi wa umeme alipitishia waya lizibwe kwa simenti siku ile ile, si "kesho". London iliungua mwaka 1666 ndipo sheria ikadai nyumba za matofali au mawe, na kuta za kutenga jirani na jirani. Ninyi mna simenti tayari, bado kimo tu.

Mukubwa, teksi yangu ilitoka Japani na usukani wa kulia, fundi akauhamishia kushoto. Sasa abiria wa mbele wanalalamika moshi na joto miguuni.

Hili limenigusa kuliko maswali yote ya kompyuta. Kati ya injini na kabini kuna bamba la chuma, na hilo pia ni ukuta wa moto, tena ule ambao ukikosea hakuna wa kukurudishia mafaili. Anayehamisha usukani lazima atoboe bamba hilo upande wa kushoto kwa ajili ya nguzo ya usukani, pedali na pampu ya breki. Na upande wa kulia yanabaki matundu ya zamani, pale pale penye miguu ya abiria wako. Mafundi wengine wanayafunika kwa kapeti na sponji, au kartoni ya biskuti.

Fanya jaribio usiku. Weka tochi inayowaka kwenye injini, funga boneti, ingia ndani, inua kapeti chini ya dashibodi. Kila penye mwanga ni tundu. Hapo ndipo joto linapita, na monoksidi ya kaboni pia, hewa isiyo na harufu inayoanza na kichwa kuuma na usingizi. Moto ukizuka kwenye injini, nao utapita hapo hapo.

Matundu yazibwe kwa kipande cha chuma kilichochomelewa. Waya zipite ndani ya raba, la sivyo ukingo wa chuma utakata ganda la waya na hapo ndipo moto wenyewe utaanzia. Halafu mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu wakati wewe unatazama pampu ya breki kutoka upande wa injini. Bamba likicheza, usibebe abiria hadi litengenezwe.

Mimi siko na kompyuta. Niko na mahindi na miti kwenye barabara ya Kipushi. Agosti moto wa pori ulipita, ukala kila kitu. Nilikuwa nimefyeka mpaka wa mita mbili kuzunguka shamba lote.

Pole sana, papa. Mita mbili zinatosha moto wa majani mafupi, bila upepo. Majani yaliyomzidi mtu kimo, yakishikwa na upepo wa Agosti, yanatoa ndimi ndefu kuliko yenyewe, na cheche zinaruka mbali zaidi. Anza na mita tano hadi kumi, na upande upepo unakotokea uongeze. Kufyeka hakutoshi: majani yaliyokatwa na kuachwa pale pale ni kuni. Yaondoe hadi udongo uonekane, na gogo kavu lililolala kuvuka mpaka litoe, maana moto unalitumia kama daraja.

Njia bora ni kuchoma mapema. Mvua zetu zinakwisha karibu na Aprili. Mei hadi Juni mwanzoni majani bado yana ubichi, moto wake ni mdogo na miti inaustahimili. Ule wa Agosti na Septemba ndio unaoiua. Lima mistari miwili ya udongo mtupu, choma majani yaliyo katikati yake, jioni wakati upepo umetulia, na watu wenye matawi mabichi na maji pande zote mbili. Waambie majirani kabla, na uwaulize nani ana tanuru la makala karibu na mpaka wako, maana lisilolindwa usiku linaweza kukurushia moto hata kama yako yote umeyafanya sawa. Kwa mwaka huu tumia majivu yaliyobaki: tembea uone moto uliingilia wapi, piga kigingi hapo. Mei uanzie kwenye kigingi hicho.